Umekwama kwenye Tasnifu? Mwongozo Kamili wa Kuanza Kuandika Tena

Wanafunzi wa uzamili huniandikia maneno yanayofanana: "Data ninayo, makala nimesoma, lakini kila nikifungua laptopu hakuna kinachotoka." Mmoja yuko hosteli ya Kikoni, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala, mwingine anafundisha sekondari Mbale na kusoma wikendi, wa tatu yuko Gulu. Karibu wote wamekwama kwenye Sura ya Pili, ile ya mapitio ya tafiti zilizotangulia, au Sura ya Nne, ile ya matokeo.

Ushauri waliopewa ni kukaza moyo, na wameukaza. Wamekesha hadi saa nane za usiku, wameamka na ukurasa ule ule mtupu, na aibu imeongezeka.

Kwa niliyoyaona, anayekwama hana upungufu wa bidii. Anafanya kazi tatu kwa mpigo: anafikiri, anaandika, na papo hapo anajihukumu. Kila sentensi ikichungulia, hakimu anaikata kichwa. Mwongozo huu unazitenganisha kazi hizo tatu. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana kila moja inategemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari na kalamu.
- Karatasi kumi za A4, kila moja ikatwe vipande vinne. Utapata vipande arobaini.
- Simu yenye kinasa sauti.
- Saa ya kupima muda. Saa ndogo ya mezani ni bora kuliko simu, kwa sababu simu huja na ujumbe wake.
- Pendekezo lako la utafiti lililopitishwa, likiwa limechapwa kwenye karatasi. Ukurasa wa malengo na maswali ya utafiti ndio tutakaoutumia sana.
- Laptopu iliyojaa chaji, na flashi au hifadhi ya mtandaoni ya kuwekea nakala.
- Mtu mmoja asiye wa fani yako: ndugu, rafiki, jirani.
- Saa moja ya siku ambayo ni yako.

Hiyo saa moja usiidharau. Ukiishi Wandegeya au Kikoni unajua jioni inavyokuwa: boda boda, spika za mahubiri, jirani anayetazama mpira. Wengi waliofaulu niliowaona walichagua saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili. Mwalimu mmoja alitumia chumba cha darasa shuleni kwake baada ya wanafunzi kuondoka. Muda wowote unafaa, mradi uwe ule ule kila siku.

Chaji laptopu kabla ya kulala. Umeme ukikatika alfajiri na betri ni tupu, saa yako imekwenda.

## Hatua ya 1: Pima umekwama wapi

Funga laptopu. Kwenye daftari nakili sentensi hizi tatu na ujaze mapengo kwa mkono. Jipe dakika kumi.

*Sura hii inajibu swali hili: ________.*
*Jibu langu ni: ________.*
*Nimelijua hilo kutokana na: ________.*

Usijibu kichwani. Kichwani kila kitu huonekana kimekamilika.

Ukishindwa pengo la kwanza, hujui sura hiyo imekuja kufanya kazi gani. Rudi kwenye ukurasa wa malengo, chagua lengo moja tu, ulinakili lilivyo, kisha ujaribu tena.

Ukishindwa pengo la pili, bado hujamaliza kufikiri. Kukaa mbele ya kioo cha laptopu hakutakusaidia. Rudi kwenye data. Soma mahojiano matano tu ukiwa na kalamu, na pembeni andika kinachojirudia.

Ukishindwa la tatu, una dai lisilo na ushahidi. Mwambie msimamizi mapema. Kurudi uwandani kwa siku mbili ni nafuu kuliko kuzunguka dai hilo kwa miezi sita.

Ukiyajaza yote matatu na bado huandiki, basi unaogopa. Wengi wako hapa, na hatua zinazofuata zimeandikwa kwa ajili yao hasa.

Kuna hali nyingine ambayo mapengo hayaionyeshi. Ikiwa hulali, huli vizuri, huna hamu ya jambo lolote, na imefika wiki mbili, usianze na tasnifu. Nenda ofisi ya ushauri nasaha ya chuo chako au kituo cha afya. Makerere wana kituo cha ushauri nasaha cha wanafunzi. Kwenda huko si udhaifu, na hakuna mbinu ya uandishi inayoweza kuziba nafasi ya matibabu.

Dalili kwamba hatua imefaulu: una karatasi moja yenye sentensi tatu, na unaweza kumsomea mtu bila kuongeza maelezo.

## Hatua ya 2: Sema kabla ya kuandika

Hatua hii ndiyo iliyonitoa mimi shimoni, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Nilikaa miezi minne bila kuandika aya hata moja ya Sura ya Nne. Kisha nikaenda kijijini, karibu na Tororo, kwa mazishi. Siku ya pili nilikuwa nimeketi na shangazi yangu tukimenya karanga. Akaniuliza, "Mwanangu, huko unakosoma umegundua nini?" Nikamjibu. Akauliza, "Na kwa nini iwe hivyo?" Nikampa mfano wa mtu niliyemhoji. Akauliza tena, "Wote wako hivyo?" Nikasema hapana, wapo wawili waliokuwa tofauti, na nikamweleza walivyotofautiana na wenzao.

Usiku ule niliandika kwenye daftari yale niliyomwambia. Jibu, sababu, mfano, na wale wawili waliotofautiana. Huo ndio mpangilio wa sura ya matokeo. Nilikuwa nao muda wote.

Shangazi hakunidai marejeleo. Alitaka kuelewa tu, na mtu anayetaka kuelewa hukulazimisha kunyoosha maneno. Isitoshe, ukiongea huwezi kurudi nyuma kufuta.

Fanya hivi:

1. Kaa na yule mtu asiye wa fani yako. Kama hayupo, weka kiti kitupu na uongee na kinasa sauti.
2. Mwombe akuulize maswali matatu tu: *Umegundua nini? Kwa nini iwe hivyo? Wote wako hivyo?*
3. Washa kinasa sauti na ujibu kwa dakika kumi na tano.
4. Siku hiyo hiyo sikiliza, na uandike maneno yako kama ulivyoyasema, pamoja na kigugumizi chake.

Ongea kwa lugha yoyote inayokujia. Sisi wa Uganda tuna mzigo ambao miongozo mingi haiutaji: mtu anahoji kwa Lumasaba, anawaza kwa Luganda, anasalimiana kwa Kiswahili, kisha anatakiwa kuandika kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili sanifu ikiwa yuko idara ya Kiswahili. Mara nyingi wazo limeshaiva na kinachokwama ni tafsiri. Litoe kwanza kwa lugha liliyozaliwa nayo. Kulihamisha ni kazi ya baadaye.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao tutaenda nao hadi mwisho. Mwanafunzi anachunguza lugha za wachuuzi katika soko la Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Amekwama kwenye Sura ya Nne. Kinasa sauti chake kinasema:

"Yaani wale mama wanaouza mukene (dagaa), wao kwa wao ni Kisamia tu. Akija mteja wa ng'ambo, salamu bado ni Kisamia kama anakijua. Lakini wakifika kwenye bei, hapo ghafla ni Kiswahili. Mmoja aliniambia Kisamia ni cha ndugu, na ndugu huwezi kumkatalia punguzo."

Huyu haoni kwamba ameshaandika. Sentensi ile ya mwisho ndiyo moyo wa tasnifu yake.

Tahadhari: usitaje majina ya watu uliowahoji kwenye rekodi, na usiitume kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Uliahidi kuwatunzia siri.

Dalili kwamba hatua imefaulu: kurasa mbili au tatu za daftari, za lugha ya mazungumzo, zenye angalau jambo moja ambalo hukujua kwamba unalijua.

## Hatua ya 3: Panga mifupa kwa vipande vya karatasi

Chukua vipande vyako. Kila kimoja kibebe sentensi moja, na sentensi hiyo itakuwa aya moja baadaye.

Iwe sentensi kamili inayodai jambo. Ukiandika "Bei" hujaandika kitu. Andika: "Wachuuzi huhamia Kiswahili mazungumzo yanapofika kwenye bei." Neno moja halina pa kwenda, lakini dai linakuuliza ushahidi uko wapi, na hapo una cha kuandika.

Nyuma ya kipande weka ushahidi: namba ya mahojiano, jedwali, au makala uliyosoma. Kipande kisicho na kitu nyuma kiweke kando.

Kisha vitandaze kitandani au kwenye mkeka na uvisome kwa sauti kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Pale unapojikuta ukisema "halafu tena…" bila sababu, mpangilio umekatika. Sogeza vipande mpaka kila kimoja kivute kinachofuata.

### Ikiwa umekwama Sura ya Pili

Sura ya Pili hukwamisha watu kwa sababu wanaipanga kwa majina. Aya ya kwanza mtafiti huyu alisema hivi, aya ya pili yule alisema vile, na kufikia aya ya kumi na mbili mwandishi amechoka na hajui aende wapi. Hana pa kwenda kwa sababu orodha haina mwisho.

Kataza jina la mtafiti kuonekana upande wa mbele wa kipande. Mbele liwe dai: "Tafiti za masoko ya mpakani zinakubaliana kwamba bei hubadilisha lugha, lakini hazielezi undugu una nafasi gani." Majina yakae nyuma. Utashangaa jinsi watafiti wanane wanavyoenea kwenye vipande vitatu.

Mtego wa pili ni historia. Nimesoma rasimu nyingi za idara ya Kiswahili zinazoanza Pwani na misafara ya wafanyabiashara, zikapita ukoloni, zikafika Uganda ukurasa wa kumi na tano mwandishi akiwa hoi. Kwa mada kama hii ya Busia, msomaji anahitaji kujua kwamba marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na kwamba Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Hizo ni sentensi mbili. Baada ya hapo nenda sokoni.

Dalili kwamba hatua imefaulu: vipande kumi na viwili hadi ishirini, vimepewa namba, na ukivisoma mfululizo vinasimulia sura nzima kwa dakika mbili. Vipige picha. Upepo mmoja wa dirishani unatosha kuvuruga kazi ya siku mbili.

## Hatua ya 4: Dakika ishirini na tano za rasimu chafu

Sasa ndipo unafungua laptopu. Zima intaneti. Simu iwe chumba kingine, au ikae kwenye hali ya ndege.

Chukua kipande kimoja, kile kilicho rahisi kwako, hata kama ni namba tisa. Andika sentensi yake juu ya ukurasa. Weka saa dakika 25, na uandike kila unachoweza kusema kuhusu hiyo sentensi mpaka saa ilie.

Sheria ni tatu. Hufuti. Husomi aya iliyotangulia. Hutafuti rejeleo.

Ukihitaji kitu usichonacho, weka alama ya XX na uendelee: "Hali hii inafanana na ile iliyoelezwa na XX kuhusu soko la XX." Nasema XX kwa sababu herufi hizo hazimo katika neno lolote la Kiswahili, siku ya kurekebisha utazitafuta kwa kompyuta na kuzikuta zote. Wanaoacha nafasi tupu huzisahau, na nafasi hizo hukutwa na mtahini.

Kuiacha rasimu ili kutafuta makala moja ndiyo njia ya kawaida ya kuipoteza asubuhi. Unafungua kivinjari kwa ajili ya mwaka wa kuchapishwa, unakuta makala nyingine nne, unazipakua, bando linaisha, saa moja imepita na kipande kiko pale pale.

Hivi ndivyo dakika 25 za mwanafunzi wetu zinavyoweza kutoka:

"Wachuuzi wanabadilisha lugha kwenye bei. Hii ilionekana kwa wachuuzi XX kati ya XX. Mmoja alisema Kisamia ni cha ndugu na ndugu huwezi kumkatalia. Kwa hiyo Kiswahili hapa si lugha ya watu wasioelewana, maana wanaelewana vizuri. Ni lugha ya kuweka umbali. Hii inapingana na XX aliyesema Kiswahili kinatumika mpakani kwa sababu ya ukosefu wa lugha ya pamoja. Sijui niseme nini kuhusu wale wawili wanaouza nguo, ambao ni tofauti na wenzao."

Rasimu hii ina mapengo na sentensi ya mwisho ni ya kukiri. Hata hivyo ina dai, ushahidi, tafsiri na ubishi na mtafiti mwingine. Msimamizi yeyote angefurahi kukutana na hayo.

Fanya vipindi viwili kwa siku, na pumziko la dakika tano katikati. Ukipata maneno 200 kwa kipindi, siku tano za wiki zinakupa maneno 2,000. Rasimu ya sura ya maneno 6,000 ni wiki tatu. Usijiongezee kipindi cha tatu wiki ya kwanza hata kama unajisikia vizuri. Anayeandika kwa muda wa saa sita Jumamosi moja huchoka na kuiacha tasnifu siku kumi, na kuirudia huwa kugumu kuliko mwanzo.

Ikiwa dakika tano zimepita na hujaandika neno: andika "Ninachojaribu kusema hapa ni kwamba…" na umalizie. Itafutwa baadaye. Ikishindikana hata hivyo, kipande hicho hakijaiva. Kirudishe Hatua ya 2, chukua kingine.

Dalili kwamba hatua imefaulu: kuna maandishi ambayo usingependa mtu ayaone. Ukiyapenda mno, ulikuwa unarekebisha wakati wa kuandika.

## Hatua ya 5: Simama njiani

Saa ikilia kipindi cha mwisho, usimalizie aya. Iache katikati ya sentensi, na chini yake andika jambo la kwanza la kesho: "Kesho: eleza wale wawili wa nguo. Je, wateja wao ni wageni?"

Ukiacha aya imekamilika, kesho utaanza na ukurasa mtupu, na ukurasa mtupu ndio uliokuangusha. Ukiacha sentensi njiani, kesho unaimalizia, na ukishaimaliza tayari unaandika.

Hifadhi nakala kwenye flashi au mtandaoni kabla ya kusimama. Kila siku. Ipe jina lenye tarehe, na usiite "ya mwisho", kwa sababu baada ya wiki mbili utakuwa na "ya mwisho kabisa" na "ya mwisho kabisa mpya".

## Hatua ya 6: Mwite hakimu, siku nyingine

Usirekebishe siku uliyoandika. Subiri vipande vyote vya sehemu moja, kwa mfano vitano vya lengo la kwanza, viwe na rasimu. Kisha chapa kwenye karatasi na ukae na kalamu.

Pitia mara nne, kila mara kwa jambo moja. Mara ya kwanza, hoja: je, aya zinajibu swali la Hatua ya 1? Mara ya pili, mpangilio wa aya. Mara ya tatu, sentensi. Mara ya nne, zile XX zote na marejeleo. Ukianza na koma na nukta utapamba aya ambayo kesho utaitupa.

Aya yetu ya Busia, ikishapita hapo, inaweza kusomeka hivi:

"Mabadiliko ya lugha yalijitokeza zaidi wakati wa kupatana bei. Wachuuzi walioanza mazungumzo kwa Kisamia walihamia Kiswahili mara bei ilipotajwa, ingawa pande zote mbili zilielewa Kisamia. Kwa maelezo ya mchuuzi mmoja, Kisamia ni lugha ya ndugu, na ndugu hanyimwi punguzo. Kiswahili, basi, hakizibi pengo la mawasiliano katika muktadha huu. Kinampa mchuuzi umbali anaouhitaji ili kulinda bei yake."

Linganisha na ile rasimu chafu. Kila wazo lilikuwemo.

Hatua hii ndiyo inayowaponza wanaokimbilia njia za mkato. Wapo watakaokulipisha wakuandikie sura, na zipo programu za akili mnemba zitakazokumiminia kurasa kumi kwa sekunde. Acha zote mbili. Mbali na adhabu ya chuo, siku ya utetezi mtahini atakuuliza kwa nini wale wawili wa nguo walitofautiana, na utakuwa peke yako mbele ya meza ile.

## Hatua ya 7: Mpelekee msimamizi kidogo, mapema

Wengi huwakimbia wasimamizi wakiwa wamekwama. Wanabadilisha njia wakimwona kwenye korido. Mwezi mmoja unakuwa mitatu, na sasa wanahisi lazima waende na sura nzima iliyong'aa ili kufidia ukimya, kwa hiyo hawaendi kabisa.

Usingoje sura. Ukiwa na kurasa tano zilizopita Hatua ya 6, mwandikie:

"Habari za kazi, Daktari. Nimekuwa kimya kwa muda, naomba radhi. Naambatisha kurasa tano za sehemu ya kwanza ya Sura ya Nne. Naomba maoni yako juu ya jambo moja: je, dai la ukurasa wa tatu limebebwa na ushahidi nilionao? Naweza kufika ofisini siku itakayokufaa."

Swali ni moja na lina namba ya ukurasa. Mtu mwenye wanafunzi wengi hulijibu swali la namna hiyo hata akiwa kwenye taxi. "Naomba maoni yako" bila swali huwekwa kando mpaka atakapopata muda, na muda huo haupatikani.

Maoni yakirudi na wino mwekundu mwingi, usiyajibu siku hiyo. Kesho yake yaandike kama orodha kwenye daftari, kisha utenge yanayogusa hoja na yanayogusa lugha. Ya hoja yapate vipande vipya vya karatasi na kupitia Hatua ya 3 na ya 4. Ya lugha yasubiri mpaka sura ikamilike.

Na wakati unangoja majibu, usisimame. Saa yako ya alfajiri ibaki vile vile: chukua lengo la pili, nakili zile sentensi tatu za mapengo kwenye ukurasa mpya wa daftari, na umtafute tena yule mtu akuulize umegundua nini.